SEMBOJA WA MAZINDE: MTOTO WA MFALME ALIYESHUKA MLIMANI KUFUATA BARUTI

Wadau, kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Moshi au Arusha, basi Mazinde umeshapita, hata kama ulikuwa umelala. Ukiacha Segera, ambayo iko Handeni, unaingia Korogwe, unafika Mombo pale wanapochepuka watu wa Lushoto, halafu barabara inanyooka. Kulia kwako milima ya Usambara imesimama kama ukuta, kushoto nyika imelala mpaka macho yanachoka. Hapo hapo chini ya mlima ndipo Mazinde.

Leo wengi wanapita bila kugeuza shingo. Lakini miaka ya 1870 na 1880, misafara ya Pangani iliyokuwa inaelekea Kilimanjaro ilisimama hapo, ikatoa salamu, ikatoa na hongo. Mwenye mji alikuwa mzee mmoja aliyevaa kanzu kama watu wa pwani, aliyezungumza Kiswahili, anayejua bei ya pembe na bei ya baruti kuliko wafanyabiashara wenyewe. Jina lake Semboja.

Shuleni tulisoma Kimweri na Mbega. Semboja akitajwa, anatajwa kwa mstari mmoja, kama mkorofi aliyevuruga ufalme wa Usambara. Ni kweli aliuvuruga. Ila ukimfuata vizuri huyu bwana utaona kuwa habari yake ni habari ya kitu kimoja kilichoingia kwenye mikono ya watu wa Tanga na kubadilisha kila kitu: bunduki ya baruti. Twende taratibu.

MKUKI ULITANGULIA

Kabla ya bunduki kulikuwa na mkuki na mbwa. Ukoo wa Semboja, yaani Wakilindi, unajihesabu kutoka kwa Mbega, na Mbega alikuwa mwindaji. Simulizi zinasema alitoka milima ya Nguu, ambayo siku hizi iko Wilaya ya Kilindi (iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002). Alikuwa kigego, meno ya juu yalimtoka kwanza, na enzi hizo hilo lilihesabika nuksi. Ndugu zake walimkatalia urithi, akaondoka na mbwa wake na mikuki yake.

Njia nzima kutoka Nguu mpaka Usambara, Mbega aliishi kwa kuua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, na kugawa nyama. Nyama ndiyo ilikuwa siasa yake. Alifika mlimani, Wasambaa wakamwona mtu anayelinda mazao na kulisha watu, wakampa wake na wakampa makazi. Alipofika Vuga akaua simba, na inasimuliwa kuwa hapo ndipo walipomfanya mfalme. Tangu hapo mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene.

Shika hilo kichwani: ufalme ulianza na mtu aliyewinda akagawa. Wasambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala. Akileta mvua, amani na shibe, wanasema anazifya shi, anaiponya nchi. Akileta njaa na vita, wanasema anabana shi, anaiharibu nchi. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika kwa Semboja pia.

MZEE KIMWERI NA WATOTO WENGI

Baba yake Semboja ni Kimweri ye Nyumbai, yule mkubwa. Huyu alitawala miaka mingi sana mpaka alipofariki mwaka 1862. Enzi zake mamlaka ya Vuga yalishuka milimani mpaka Bondei na kugusa pwani kati ya Tanga na Pangani. Mmisionari Krapf alikwenda kumwona mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Burton na Speke walipanda Vuga mwaka 1857, na Burton akaandika kuwa mzee alikuwa na walinzi 400 wenye bunduki, aliowaita Waingereza wake. Hesabu hiyo inawezekana aliipata kwa kuambiwa tu, lakini inaonesha kwamba hata Kimweri alishaanza kuipenda sauti ya baruti.

Kimweri alitawala kwa njia ambayo ilikuwa nzuri wakati yupo hai na mbaya alipokufa. Aliwapanga watoto wake kuwa watawala wa sehemu mbalimbali. Mfalme yuko Vuga, watoto wako mikoani, wote wanamwogopa baba yao. Safi. Tatizo ni kwamba aliishi sana. Mrithi wake akatangulia kufa, kiti kikaenda kwa mjukuu, kijana anaitwa Shekulwavu. Sasa piga picha: kijana amekaa Vuga, na huko mikoani wamejaa baba zake wakubwa na wadogo, watu wazima, wenye watu wao na mali zao. Nani atamtii nani? Shekulwavu hakuwa na watoto wakubwa wa kuweka mahali pao. Aliwakuta, na wao hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Miongoni mwa hao baba zake alikuwepo Semboja.

KWA NINI ALISHUKA BONDENI

Wasambaa ni watu wa mlimani. Kwao kuna mlima, penye mvua, migomba na baridi, na kuna nyika, penye joto, homa na Wamasai wanaopita na ng'ombe. Mkilindi wa maana alikaa juu. Semboja akafanya kinyume. Akajenga Mazinde, chini kabisa, ukingoni mwa nyika.

Watu wa Vuga walimwona kama ameshuka hadhi. Yeye alikuwa ameona kitu ambacho baba yake hakukimaliza kukiona. Nguvu ya zamani ilitoka kwenye mvua na ushuru wa wakulima. Nguvu mpya ilikuwa inatembea bondeni kwa miguu: misafara. Inapanda na vitambaa vya merikani, shanga, waya, bunduki na mapipa ya baruti, inashuka na pembe za ndovu na watumwa. Anayekaa njiani ndiye anayekula.

Na onyo lilikuwa tayari limeshatolewa upande wa Handeni. Wazigua walizipata bunduki mapema kwa sababu walikuwa karibu na pwani ya Saadani na Pangani. Krapf alishaona jambo hilo: Wazigua wenye bunduki waliichukua sehemu kubwa ya bonde la Mto Pangani kutoka mikononi mwa Kimweri, na mfalme mwenye mikuki na heshima zake zote alibaki juu mlimani akiangalia. Semboja alikua akiliona hilo. Somo alilolipata si gumu kulielewa. Asiye na baruti atakula anachobakiziwa.

GOBORI LILIVYOFANYA KAZI

Kwa vijana ambao bunduki wanaijua kwenye sinema tu, inabidi tusimame kidogo hapa, maana bila kuielewa silaha yenyewe hutaelewa mambo yaliyofuata.

Silaha iliyojaa njia ya Pangani ilikuwa gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Kulikuwa na gumegume, ile ya jiwe linalopiga chuma kutoa cheche, na baadaye ile ya fataki, kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Unamimina baruti kwenye mtutu, unaweka kitambaa au nyuzi za mti, unashindilia kwa mdeki, unaingiza risasi au vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki, ndiyo unalenga. Mzoefu anatumia karibu dakika nzima. Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu, shura, mkaa na unga wa kiberiti. Shura peke yake ni kama robo tatu. Ikipata unyevu imekwisha. Mvua ya Usambara ikinyesha, gobori ni rungu.

Sasa mchukue mwindaji mwenye silaha hiyo umpeleke nyikani kati ya Mazinde na Mto Pangani. Humo kuna pofu, kongoni, kuro karibu na maji, swala pala makundi kwa makundi, tandala vichakani, na digidigi wawili wawili. Gobori halina mistari ndani ya mtutu, risasi inatoka ikiyumba, kwa hiyo kupiga kwa uhakika lazima ufike hatua 50 hivi. Kwa swala, hatua 50 ni kama kumgusa. Mtu anatambaa akiwa chini ya upepo, anajificha nyuma ya kichuguu, anangoja mnyama ageuke ubavu. Akifyatua, moshi mweupe unamfunika, haoni kitu. Inabidi asikilize kwanza: miguu inakimbia, au kuna kishindo cha kuanguka? Moshi ukiondoka anakwenda kutafuta damu kwenye majani. Akikosa, siku imeisha, maana kundi zima limeshatoweka na kushindilia upya ni dakika nyingine.

Ndiyo maana bunduki haikuwafanya watu wa nyika waache mtego, wavu, shimo na mshale wa sumu. Kwa kitoweo, njia za wazee zilikuwa rahisi zaidi. Baruti ilinunuliwa kwa pesa ya pwani, na hakuna mwenye akili aliyependa kuichoma yote kwa paa.

Baruti ilichomwa kwa tembo. Pembe mbili zililipa gharama na kubaki. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kulikuwa na desturi kwamba tembo akiuawa, pembe moja ni ya mwenye nchi. Hapo ndipo unapouona mzunguko wenyewe: mtawala anatoa bunduki na baruti, wawindaji wanaingia nyika, pembe inakuja Mazinde, inashuka Pangani, inarudi bunduki nyingine na baruti nyingine. Na bunduki ile ile iliyomwangusha tembo, kesho inaweza kumwelekea mtu.

KIJANA WA VUGA AFUKUZWA

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliona wakati umefika. Alikusanya watu wake, akaita na wapiganaji kutoka nje ya Usambara, akapanda mlimani. Shekulwavu alifukuzwa Vuga, akakimbilia mashariki, na haukupita muda mrefu akafariki.

Semboja alikuwa amemshinda mfalme, kiti kiko wazi, lakini hakukikalia. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, awe Simba Mwene wa Vuga, yeye mwenyewe akarudi zake Mazinde. Maana yake nini? Cheo kilibaki juu na mila zake zote, na pesa ikabaki chini. Baba alitaka pesa. Mtoto akaitwa mfalme, na kila mtu alijua maneno ya kweli yanatoka wapi.

Habari hizi tunazijua vizuri kwa sababu kuna mtu aliyeziandika kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, mzaliwa wa Unguja, aliishi miaka mingi karibu na watawala wa Kilindi, akawajua hawa ndugu kwa sura na kwa tabia. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Kijana wa Tanga ambaye hajakisoma, kitafute.

BEI YA BARUTI

Kumbe kumfukuza mfalme ni rahisi kuliko kuirudisha nchi mahali pake. Ndugu zake Shekulwavu, akiwemo Kibanga, waliendeleza vita kutoka mashariki. Huko Bondei wananchi wakaona Wakilindi wanachinjana wenyewe kwa wenyewe, wakainuka. Inasimuliwa kuwa walipata ruhusa ya Semboja, maana Wakilindi wa upande ule walikuwa wa adui yake. Maasi hayo yanaitwa Kiva. Wakilindi wa Bondei waliuawa au wakafukuzwa, na Bondei haikurudi tena chini ya Vuga. Kwa hiyo Semboja alimchoma adui yake kwa kuuchoma ufalme wa baba yake.

Vita haikuisha. Ilikuwa vita ndogo ndogo za kuviziana zilizoendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Na vita inakula baruti kila siku. Upande mmoja ukiongeza bunduki, wa pili hauna ujanja. Je, baruti inalipwa na nini? Pembe zilikuwa zinapungua kadiri tembo walivyozidi kuuawa na kusogea mbali. Kilichobaki ni watu.

Hii ndiyo sehemu chungu ya maisha ya Semboja na hatuwezi kuipamba. Mateka waliuzwa. Mateka wakiisha, raia wenyewe waliuzwa. Mtu akishindwa kesi barazani, faini yake inaweza kuwa mtoto. Akituhumiwa uchawi, familia nzima inashuka bondeni na kamba shingoni. Watawala wa pande zote mbili walifanya hivyo, si Semboja peke yake, lakini mlango mkubwa wa kutokea ulikuwa kwake.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Ungedhani biashara itakufa. Haikufa, kwa sababu Pangani kwenyewe kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyokuwa yanataka mikono. Mtu aliyekamatwa kwenye kilima chake Usambara hakulazimika kuvushwa bahari. Alitembea siku chache tu kufuata mto, akaishia kwenye shamba la miwa, karibu kabisa na kwao na asiweze kurudi.

Sasa kumbuka Mbega. Babu aliua nguruwe wa mashambani akagawa nyama, watu wakampa nchi. Mjukuu wake alipewa nchi akawagawa watu, akapata bunduki. Wasambaa walilijua jina la hali hiyo. Waliita nguvu kwa nguvu, yaani wenye nguvu wanaposhindana na mvua inakataa. Nchi ilikuwa imebanwa.

WANAKUJA WENYE RISASI ZA GANDA

Wakati huku watu wanahangaika na gobori, huko Ulaya mambo yalikuwa yanakimbia. Waingereza walileta Snider mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871. Wajerumani nao wakawa na Mauser ya mwaka huo huo wa 1871. Baruti ilikuwa ile ile nyeusi yenye moshi, ila sasa imefungwa ndani ya ganda la shaba pamoja na fataki na risasi. Unafungua nyuma, unatia ganda, unafunga, unapiga. Mvua haikusumbui. Mtutu una mistari ndani, risasi inazunguka na kwenda moja kwa moja, na mnyama aliye hatua 200 hayuko salama tena. Mwenye gobori anapiga mara moja, mwenye Martini-Henry ameshapiga mara nyingi.

Mwaka 1887 Mazinde iliishuhudia tofauti hiyo. Tajiri mmoja wa Hungaria, Teleki, na mwenzake von Höhnel, walipanda kutoka Pangani kupitia Korogwe na Mazinde na msafara mkubwa, wakielekea Kilimanjaro na baadaye mpaka ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Njiani waliwinda. Mamia ya wapagazi wanakula, na swala wa bonde ndio waliokuwa kitoweo. Baruti isiyo na moshi ilikuwa ndiyo kwanza imeingia jeshini Ufaransa mwaka 1886, kwa hiyo silaha zao za kuwindia zilikuwa bado za baruti nyeusi ya ganda. Moshi ulikuwa ule ule, lakini waliweza kupiga mnyama ambaye mwindaji wa Korogwe mwenye gobori angemtazama tu kwa mbali.

Gobori zenyewe nazo zilikuwa zinamiminika. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kwa mwaka mmoja! Nyingi zilikuwa za kizamani, zilizotupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata mpya. Wao walinunua za kisasa, sisi tukauziwa mtumba tulipe kwa pembe na kwa watu. Hilo la mtumba halikuanza na nguo, wadau.

MWAKA 1888: PWANI YAWAKA

Mwaka huo huo Wajerumani walipotaka kuitwaa pwani, Bushiri bin Salim aliinuka Pangani. Hans Meyer, ambaye mwaka uliofuata angekuwa Mzungu wa kwanza kufika kileleni Kilimanjaro, alikuwa Usambara wakati huo pamoja na Oscar Baumann. Safari yao ilivunjika. Mali zao nyingi ziliishia Mazinde mikononi mwa Semboja. Wao wenyewe walikamatwa na Bushiri walipokuwa wanarudi pwani, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000.

Semboja aliichezea vita hii kama alivyozoea kucheza: mguu mmoja ndani, mmoja nje. Bushiri akiwa na nguvu, Mazinde ilikuwa upande wake. Lakini Bushiri alikimbizwa, akaingia Uzigua akiwa amechoka na amebaki peke yake, akakamatwa kwa Magaya, jumbe wa Kwa Mkoro, akakabidhiwa kwa Wajerumani. Tarehe 15 Desemba 1889 walimnyonga Pangani.

Mzee wa Mazinde akapiga hesabu. Alikuwa na gobori nyingi. Wajerumani walikuwa na askari wenye Mauser za 1871 na mizinga. Akapatana nao. Wakaja wakaweka kituo chao cha kijeshi pale pale Mazinde, kwa sababu ile ile iliyomleta yeye: njia inapita hapo.

Julai 1890 wakubwa wa dunia walitia sahihi mkataba Brussels. Pamoja na mambo ya watumwa, walikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Gobori za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango, chini ya masharti. Ukiusoma mkataba ule kwa macho ya Mazinde, ulisema hivi kwa vitendo: Mwafrika abaki na bunduki ya babu, Mzungu achukue ya mjukuu. Mchezo uliomjenga Semboja ulifungwa.

MWISHO WA MZEE

Kimweri Maguvu alifariki mwaka 1893. Akafuata Mputa, wa ukoo huo huo wa Semboja. Mwaka 1895 Semboja mwenyewe akafariki, mzee wa miaka mingi, kwa ugonjwa na umri, si kwa risasi. Kwa mtu aliyeishi kwa baruti, hiyo ni bahati. Mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa kwa kosa la mauaji, kiti cha Vuga wakakirudisha upande wa Shekulwavu, kwa Kinyashi. Yaani kila alichokipindua Semboja miaka ya 1860 kilipinduliwa tena mara tu alipoondoka, na safari hii aliyepindua hakuwa Mkilindi wala Msambaa.

Mwaka 1896 Gavana Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizoleta leseni za kulipia. Mnyama aliyekuwa wa mwenye nchi akawa wa serikali. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikafika na Moshi miaka michache baadaye. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Mizigo iliyokuwa inasimama kwa Semboja kulipa hongo ikapita kwa filimbi ya treni. Bonde likajaa mkonge.

Na ile baruti nyeusi? Ilibaki ikisikika. Novemba 1914, vita ya Tanga, askari wengi weusi wa Wajerumani walikuwa bado wanapigana na Mauser za 1871, na kila wakifyatua moshi mweupe ulionesha walipo. Hata wakati huo mtumba ulikuwa wa Mwafrika.

TUMSEMEJE?

Wengine wanamwita Semboja msaliti. Mimi naona neno hilo ni jepesi. Alikuwa na akili, aliiona dunia inavyobadilika kabla ya ndugu zake, akajifunza lugha, akaelewa biashara. Kosa lake halikuwa kuipenda dunia mpya. Kosa lake ni kwamba alichagua nguvu ambayo hawezi kuitengeneza mwenyewe. Baruti ilitoka nje, fataki zilitoka nje, bunduki zilitoka nje, na kila siku ilibidi apeleke kitu pwani ili zije nyingine. Alianza kupeleka pembe, akamaliza kwa kupeleka watu wa kwao. Muuzaji alipoamua kufunga duka, Mazinde ikabaki na vyuma.

Jambo hili halijaisha. Magobori bado yanatengenezwa kienyeji nchini, kwa bomba la chuma na mbao, na watu wanaingia nayo porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni. Mwenye gobori la bomba hana kimoja wala cha pili. Zaidi ya hapo, bomba halikutengenezwa kubeba mlipuko. Likipasuka linaondoka na vidole au jicho la mwenyewe. Mwanangu wa Handeni unayesoma hapa, swala mmoja hastahili hayo. Wanyama wa nyika ile tunao bado: ng'ambo ya Mazinde, ukienda kaskazini, kuna Mkomazi, iliyotengwa mwaka 1951 na baadaye ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Pofu na tandala wapo, nenda kawaone bila kuwafukizia moshi.

Siku nyingine ukipita pale na basi, ukishaacha Mombo, amka. Tazama mlima, tazama nyika, fikiria mamia ya wapagazi wamekaa chini ya miti wakingoja mzee mmoja aseme pita. Halafu fikiria waliokuwa wanashuka upande wa pili wakiwa wamefungwa, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Wadau wa Korogwe, Handeni, Lushoto na Muheza, najua kwenu kuna wazee wenye simulizi za Kiva, za Mazinde, za babu zao waliouzwa au walionusurika. Kama nimepita haraka mahali, jazieni. Kama kuna Mkilindi mwenye neno la kumtetea mzee wake, uwanja ni wako hapo chini. Matusi hapana, hoja karibu.